Mama Mkwe, Mimi na Kuku: Kwenda Sherehe za Ziwa, Kilwa

Tangu nirudi, siwezi kulehemu hata komeo bila mtu kuchungulia kwenye karakana yangu na kuuliza, "Célestin, ni kweli ulimusukuma mama mukwe mu toroli ya samaki mbele ya chefu?" Ni kweli. Lakini habari hii ukiishika mkia tu, inaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo nimekaa chini niwaandikie yote tangu mwanzo, mniache nifanye kazi. Mambo ya tiketi na makaratasi nayaruka, hayajawahi kumchekesha mtu. Na atakayesema nimeongeza chumvi, namjibu mapema: nimeongeza, lakini kidogo tu, kiasi cha kuzuia habari isioze.

Kabla ya kuondoka: nyumba ya mlango mmoja

Mwalimu wetu wa shule ya jioni, aliyetufundisha mpaka tukapata diploma huku tukisinzia, alikuwa akisema kila safari ina sababu yake. Sababu ya safari yangu ilikuwa mlango.

Mnaijua nyumba yangu, hapa Lubumbashi, mtaa wa commune ya Kenya. Mimi ndiye niliyetengeneza nusu ya milango ya chuma ya mtaa huu, lakini nyumba yangu mwenyewe ina vyumba viwili na mlango mmoja. Mke wangu Odette alikuwa na mimba kubwa, hata kitanda kilikuwa kinaomba msamaha. Mama yake, mjane anayekaa Kipushi, alikuwa anakuja kukaa kwetu moja kwa moja ili amsaidie.

Sasa, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatujawahi kuongea tangu nimuoe binti yake. Hatukugombana. Ilikuwa heshima tu. Kwa watu wa upande wao, mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamshiki mkono, hali mbele yake wala hataji jina lake, mpaka siku ndugu wa mama mkwe watakapomwingiza rasmi: wanampikia kuku na bukari, yaani ugali, na mama mkwe anampa tonge la kwanza kwa mkono wake. Siku hiyo ukuta unaanguka. Mimi ukuta wangu ulikuwa bado umesimama imara, kwa sababu sherehe hiyo lazima iongozwe na mkubwa wa ukoo, dada ya mama mkwe anayeitwa Mama Mukubwa Mwape. Na Mama Mukubwa Mwape anakaa Kilwa, kwenye Ziwa Mweru, na amekataa kabisa kuja Lubumbashi. Anasema samaki wa mjini wana macho ya watu waliofiwa.

Kwa hiyo kila mama mkwe alipokuja kututembelea, mimi nilikuwa nakimbilia chooni. Dimanshi moja, Jumapili nzima, nilikaa humo tangu misa ya asubuhi mpaka jua linazama. Mgeni wa siku moja, unavumilia. Lakini mama anayekuja kukaa, katika nyumba ya mlango mmoja? Nilichukua msumeno nikaanza kukata vyuma vya dirisha.

Odette akanikuta. "Weye, unafanya nini na dirisha?"

"Natengeneza mulango ya mukwe."

Akakaa juu ya debe, akacheka mpaka nikaogopa atajifungua pale pale. Halafu akasema, "Peleka mama ku Kilwa. Sikukuu ya ziwa iko karibu, Mama Mukubwa atakuwa pale. Lakini muende mbio. Sikukuu ikiisha, anavuka ku kambi ya samaki, na kule harudi mupaka mvua."

"Na weye?"

"Docteur anakataa. Ile barabara itanizalisha mbele ya Kasomeno."

"Sasa nani atanisemea na mama yako mu njia yote?"

"Utapata muntu. Ukikosa muntu, sema na muti. Sema na kuku." Akanipa kuku wa kienyeji, wa madoadoa, miguu imefungwa kwa kipande cha kitambaa. Ndiye aliyepangiwa sufuria ya kuniingiza. Odette alikuwa anatania, naomba mkumbuke hilo.

Lubumbashi hadi Kasomeno: juu ya saruji

Tulipanda kamioni iliyobeba saruji, bia, magodoro, na juu ya magodoro, watu. Shofer aliitwa Papa Zozo. Tumbo lake lilikuwa linafika kwenye usukani kabla yake. Alipomwona mama mkwe akafungua mlango wa mbele kwa heshima, kisha akaniita.

"Na weye mutoto, ingia, kaa karibu na mama yako. Kusafiri na mama ni baraka."

Niliruka nyuma kama niliyeshika chuma kinachotoka motoni. "Papa, ule ni mama mukwe!"

Papa Zozo akavua kofia. "Ah, pardon! Panda juu, mutoto yangu. Panda juu kabisa, fasi ya mwisho."

Nikapanda fasi ya mwisho, juu ya mifuko ya saruji, kuku mapajani. Kiangazi hiki vumbi la barabara ile ni jekundu namna ambayo, tulipofika Minga, ungeweza kunipanga kwenye ukuta na matofali mengine. Kuku alikuwa mweusi wa madoa meupe wakati wa kuondoka. Sasa alikuwa tofali.

Tuliposimama mara ya kwanza watu wajinyooshe, ikabidi nimjulishe mama mkwe kwamba tunasimama kidogo tu. Nikamtafuta msemaji. Jirani yangu juu ya saruji alikuwa Mama Feza, muuza mitumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji na ukarimu wa kukulisha hata umeshiba. Nikamwomba: "Mama Feza, umwambie mama mukwe tutasimama kidogo, kama anataka maji nitamuletea."

Mama Feza akashuka, akasimama chini ya mlango wa mbele, akapaza sauti ili Minga yote isikie: "Mama! Mukwe yako anasema harakisha, na anasema uoge, vumbi imezidi!"

Nikaficha uso nyuma ya kuku. Kutoka ndani ya gari mama mkwe akasema jambo, sauti ya chini, ya heshima. Mama Feza akanipandishia jibu: "Anasema ahsante. Anasema tena weye uko mukondo sana, Odette anakulisha nini?"

"Amesema hivyo kweli?"

"Ya kwanza ni yake. Ya pili ni ya mimi."

Kituo kilichofuata nikamwomba awasilishe jambo dogo zaidi, kwamba chikwange, ule mkate wa muhogo niliyonunua, iko kwenye kikapu cha bluu. Aliongeza humo habari za ndoa yake ya kwanza. Hapo nikaelewa kwamba mwanadamu, hata mwenye moyo mzuri, hawezi kubeba neno bila kulipaka mafuta. Nikashuka mwenyewe, nikasimama kando ya mlango, mgongo ukitazama gari, nikamwinua kuku mpaka usawa wa uso wangu.

"Kuku," nikasema, "umwambie mama chikwange iko mu kikapu ya bleu. Na asichukue fikira, tutafika."

Papa Zozo aliacha kutafuna. Halafu ndani ya gari, nyuma yangu, sauti ya mama mkwe, ambayo mimi nilikuwa nimeisikia kupitia milango na kuta tu:

"Kuku, umwambie ule bwana aksanti. Umwambie asikae kule ku mwisho, ataanguka."

Kuku akapepesa macho. Hakuongeza kitu, hakupunguza. Nilimpenda pale pale.

Mama Feza, badala ya kukasirika kwa kunyang'anywa kazi, akapiga makofi. "Tunapata Ambasaderi!" Tangu hapo kuku akaitwa Ambasaderi, akapewa mahali pa kukaa juu ya godoro jipya, na kila mtu aliyekuwa na mahindi akamtolea ushuru.

Kasenga: chakula pande mbili za ukuta

Kamioni iliingia Kasenga kushusha bia, na bia hushushwa polepole kwa sababu washushaji nao ni watu. Papa Zozo akasema tutembee, tuone mji. Mimi ni mtalii wa kweli, sikungoja kuambiwa mara mbili. Mto Luapula upo pale, mpana, mtulivu, upande wa pili ni Zambia, unaona watu wa huko wanakutazama kana kwamba wao ndio waliolipa kuja kukutazama.

Kuna magofu ya nyumba za Wagiriki waliokuwa wananunua samaki zamani, wakiwapakia barafu na kuwapeleka Lubumbashi. Nyumba niliyoichagua kutembelea ilikuwa na kuta nene, haikuwa na paa, na ndani alikuwa akiishi mbuzi aliyetutazama kama mwenye nyumba anayetazama wadeni. Nikajifanya kiongozi wa watalii. Mama mkwe alikuwa anafuata kwa mbali, akiegemea fimbo, na mimi nikamwelezea kuku kwa sauti: "Ambasaderi, mahali hapa palikuwa kanisa la zamani sana."

"Kuku," ikasema sauti nyuma, "umwambie ule bwana hapa haikukuwa kanisa. Ilikuwa nyumba ya barafu."

Na akaendelea. Kwa mara ya kwanza mama mkwe alimwambia kuku habari ndefu. Kwamba alipokuwa msichana walimleta hapa kubeba samaki, alikuwa hajawahi kuona barafu. Karani wa Wagiriki akampa kipande akishike. Akadhani ni moto mweupe. Kikamchoma kiganja, akapiga kelele, akampiga karani kofi la barafu na kofi la mkono. "Kuku, ule karani alikuja ku nyumba yetu kuniripoti kwa baba," akasema. "Baba akamuuliza anataka nini. Akasema anataka kunioa."

"Ambasaderi," nikasema, "umuulize mama, ule karani alikuwa nani?"

"Kuku, umwambie ule ni mwenye alizaa Odette."

Nilitaka kugeuka. Mguu ulikuwa umeshaanza kugeuka. Nikaukamata mguu wangu mwenyewe kwa akili, nikautuliza. Miaka yote hii nilijua mama mkwe wangu ana kivuli, ana fimbo, ana mlango anaoingilia. Sikujua kwamba aliwahi kuwa msichana wa kupiga karani.

Chakula kikaja: samaki wa Luapula waliotoka mtoni asubuhi hiyo, bukari, na pilipili iliyokuwa na hasira. Mimi siwezi kula mbele ya mama mkwe, naye hawezi kula mbele yangu. Ukuta wa Wagiriki ukatuokoa. Yeye alikaa ndani pamoja na mbuzi, mimi nikakaa nje, tukaegemea ukuta mmoja, mgongo kwa mgongo, tofali katikati. Kuku tukamweka dirishani, mahali pasipo na dirisha tena, aone pande zote mbili.

Tukala. Baada ya muda sauti ikatoka upande wa pili: "Kuku, umwambie ule bwana anakula na kelele kama bata ku matope."

Mama Feza, aliyekuwa karibu yangu, alicheka mpaka samaki akatokea puani. Mimi nikatafuna polepole, na niseme kweli, sijawahi kula chakula kitamu hivi.

Kuelekea Kilwa: kamba njiani

Tulirudi mpaka Kasomeno, na kuanzia hapo barabara ya Kilwa ilianza kutuchukia. Mashimo mengine yalikuwa makubwa namna ambayo, tulipoingia, tulikuta vipande vya kamioni nyingine iliyotangulia kuingia zamani. Resori ya nyuma, ile springi inayobeba gari, ikakatika. Papa Zozo akalala chini ya gari, akazungumza na resori maneno ambayo siwezi kuyaandika, na siku nzima ikaishia hapo. Sikukuu ilikuwa inaanza kesho yake. Mama mkwe alikuwa anakaa kivulini upande mmoja wa gari, mimi upande mwingine, na ujumbe mmoja tu ulipita siku hiyo: "Kuku, umwambie ule bwana, dada yangu hangojaka muntu. Hata siku baba yetu alikufa, hakungoja."

Asubuhi tuliondoka, resori imefungwa kwa minyororo na kamba ya nailoni. Tukiwa karibu kufika, njiani tukakuta kamba imefungwa toka mti hadi mti, na nyuma yake mwanamume wa sandali, mwenye filimbi. Kijiji sikitaji. Mtu mwenyewe alisema kwamba kuna ushuru wa wanyama, akamwona kuku, macho yakang'aa.

"Ile kuku inabaki."

"Papa, haiwezi kubaki," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Iko na kazi."

"Kuku iko na kazi gani?"

Mama Feza akaning'inia kutoka juu ya magodoro. "Ndio kinywa yake na mama mukwe! Ukichukua ile kuku, atasema na mama mukwe namna gani? Na miguu?"

Mtu wa kamba akatazama kabini. Akamwona mama mkwe, amejifunika kikwembe, kitenge chake, uso umegeuzwa upande wa pori. Akanitazama mimi, mgongo umegeuzwa upande wa kabini. Akaelewa. Alikuwa kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo kwa upole. Akakaa juu ya jiwe lake.

"Miye," akasema, "mama mukwe yangu anakaa nyumba ya jirani. Tangu mwaka jana ninapitaka mu mashamba kwenda kuoga." Halafu akamsogelea kuku, akashusha sauti. "Kuku, umwambie mama nimemusalimia. Umuulize, kwao wanamuingiza mukwe na kuku moja ao mbili?"

"Kuku," mama mkwe akasema kutoka kabini, "umwambie moja inatosha, kama mama mukwe haiko na njaa sana."

Mtu wa kamba akacheka, akapiga filimbi kwa nguvu, akaishusha kamba mwenyewe. Hakuomba kitu. Mpaka tunapinda kona alikuwa bado anapunga mkono, na mimi sijui alikuwa anampungia nani kati yetu, lakini nadhani ni kuku.

Kilwa: samaki mkubwa wa mwaka

Ngoma tulizisikia kabla ya kuliona ziwa. Halafu mti wa mwisho ukasogea na Mweru likafunguka mbele yetu, maji mpaka mahali macho yanachoka, mitumbwi imefungwa vitambaa vya rangi zote, moshi wa samaki, watu wengi namna ambayo ningekuwa kumbikumbi ningerudi nyumbani. Chefu, mtemi wa Kilwa, alikuwa amekaa chini ya turubai ya bluu. Kulikuwa na mashindano ya kupiga makasia, wanawake wakiwatukana waume zao walioshindwa, na msema sherehe mwenye kipaza sauti kilichokohoa kuliko yeye.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Papa Zozo akatushusha mwanzoni mwa mji. Na hapo magoti ya mama mkwe, yaliyokuwa yamekunjwa kabini siku zote zile, yakakataa. Akasimama, akakaa. Akasimama tena, akakaa tena.

Mama Feza alikuwa ametangulia kutafuta habari. Akarudi anakimbia, na Mama Feza akikimbia, ujue kuna jambo, kwa sababu vitu vingi vinashiriki. "Mama Mukubwa Mwape anaisha kupanda mu boti! Moteri inanguruma! Kama hamufiki sasa, basi, mupaka mvua!"

Nikautazama mlango wangu mmoja kwa macho ya akili. Nikajiona naingia dirishani na mtoto mchanga mkononi. Hapo kando ya njia kulikuwa na toroli la gurudumu moja, la kubebea samaki, linalonuka kama historia yote ya ziwa.

"Ambasaderi," nikasema, "umwambie mama apande toroli. Nitasukuma, lakini sitatazama."

"Kuku, umwambie ule bwana miye haiko samaki."

"Ambasaderi, umwambie mama boti inaondoka."

Nikasikia fimbo ikidondoka, nikasikia toroli likilia chini ya uzito. Mama mkwe alijifunika kikwembe chake kutoka kichwani mpaka miguuni, mkwe asimwone. Mimi nikamweka kuku begani, nikashika mikono ya toroli, nikageuza shingo upande wa kushoto kabisa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, nikasukuma. Mama Feza akawa macho yangu: "Kuume! Kushoto! Mbuzi! Pastore!"

Sasa jiwekeni mahali pa watu wa Kilwa. Katikati ya sikukuu anatokea mwanamume mwekundu wa vumbi, shingo imepinda, kuku begani, anasukuma kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa, na mbele yake mwanamke mnene anapiga kelele. Watu wangedhani nini? Wakadhani ni zamu yetu. Wapiga ngoma wakageuka, wakatufuata. Watoto wakafuata ngoma. Umati ukafunguka ukatusukumia mahali ambapo sikuwa nakwenda, na kipaza sauti kikakohoa: "Na sasa! Bageni yetu ba Lubumbashi! Banamuletea chefu samaki mukubwa ya mwaka!"

Toroli likasimama mbele ya turubai. Ngoma zikanyamaza. Nilikuwa bado natazama kushoto.

"Samaki gani hii?" Chefu akauliza, kwa hamu. "Fungua tuone."

Jamani. Mimi nifungue? Nilishikilia ile mikono ya toroli mpaka nadhani niliacha alama kwenye chuma. Nikafanya jambo pekee nililokuwa nimezoea.

"Ambasaderi," nikanong'ona, na kile kipaza sauti, nilichosogezewa mdomoni, kikanong'ona pamoja nami Kilwa nzima, "umwambie chefu ule haiko samaki. Ni mama mukwe yangu."

Chefu alimtazama kuku. Hakucheka. Alijiweka sawa kwenye kiti chake na akamjibu yule kuku kwa uso mzito wa baraza: "Umwambie nimesikia. Umwambie mama mukwe karibu ku ziwa."

Ndipo kikwembe kikaruka. Sikuona, nilisimuliwa, lakini nilihisi toroli linatikisika. Mama mkwe, na magoti yale yale yaliyomkatalia, alisimama juu ya toroli la samaki, akatingisha mabega kama wanavyocheza wanawake wa Mweru, na akapiga kigelegele. Nyie hamjasikia kigelegele. Hiki kilianzia tumboni mwa Kipushi, kikapita juu ya vichwa vyetu vyote, kikaenda majini. Ngoma zikalipuka.

Na kule majini, moteri ikazimwa. Mama Mukubwa Mwape alikuwa amesimama ndani ya boti, mkono sikioni. "Ile sauti ni ya mudogo yangu!" alipiga kelele, na kabla hawajamsogeza ufukweni akashuka ndani ya maji, kikwembe kimepandishwa, anakuja kama anayedai kitu. Dada wawili wakashikana juu ya lile toroli, wakalia, wakacheka, wakanuka samaki.

Kwa Mama Mukubwa Mwape: tonge

Asubuhi yake tulikuwa kwenye ua wa Mama Mukubwa Mwape, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuhesabu magamba. Aliniagiza nikae kwenye mkeka.

"Kilwa yote inaona ukimusukuma," akasema, "na hamujaingizana? Haya ni haya gani hii? Leteni kuku."

Mama Feza akasimama. "Mama, hii si kuku tu. Hii ni Ambasaderi. Iko na historia. Tununue ingine."

"Ilikuja juu ya kazi gani?"

"Ya kumuingiza mukwe."

"Basi bado haijamaliza kazi." 

Mama mkwe akaomba ashike kuku kwanza. Alimshika mapajani muda mrefu, kichwa kimeinama, akamwambia mambo kwa sauti ya chini. Yalikuwa mengi. Mimi nilikuwa nimegeuka, kama kawaida, na hata kama ningeweza kusikia, ujumbe ule haukuwa wangu. Halafu akampa dada yake.

Bukari ilikuja inafuka, na kuku ndani ya mchuzi. Mama Mukubwa Mwape akanishika kidevu, akanigeuza kwa nguvu kama anayefungua bomba lililoshika kutu. Na mimi nikamwona mama mkwe wangu. Ana macho ya Odette. Ana pengo dogo la meno mbele ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Alikata tonge, akalichovya, akaniwekea kinywani kwa mkono wake, ule uliochomwa na barafu.

Nikala. Alinitazama nikitafuna. Kisha akasema neno lake la kwanza kwangu, bila kuku, bila ukuta:

"Célestin. Siku ya ndoa yenu, suruali yako ilipasuka nyuma. Kanisa yote iliona."

Tonge likakwama. Mama Feza akanipiga mgongoni, likashuka, nikauliza, "Mama! Juu ya nini hamukuniambia?"

"Ningekuambia na kinywa ya nani?" Akakata tonge la pili. "Na ile dimanshi ulikaa mu choo siku muzima, nilijua uko mule. Sikuondoka juu nilikuwa ninakungoja utoke. Nilisema leo nitaona sura ya mutoto yangu, hata na jicho moja."

Nilimmaliza yule kuku. Sikubakiza kitu, na sikujali tena kama natafuna na kelele. Sijui kama machozi yalikuwa ya pilipili, ya choo, ama ya Ambasaderi.

Kurudi

Kurudi tulikaa kabini wote wawili, Papa Zozo akiwa katikati ya furaha yake. Mama mkwe alizungumza kutoka Kilwa mpaka Kasomeno bila kupumua. Kutoka Kasomeno alipumua kidogo, halafu akaendelea. Alikuwa na miaka yote ya maneno aliyoniwekea: kofia yangu, madeni yangu, namna ninavyopiga chafya, jina la kumpa mtoto, kama yeye angeulizwa. Karibu na Minga nilijikuta naangalia juu, kwenye mifuko, nikitafuta mahali pangu pa zamani.

Tulifika, Odette akajifungua salama, msichana. Mama mkwe anaingia na kutoka kwenye mlango wetu mmoja, na mimi naingia na kutoka, tunagongana hapo, tunaombana msamaha. Mambo mazuri. Mpaka wiki iliyopita, wakati mama na binti walipokosana kuhusu maji ya kumwogeshea mtoto, moto ama vuguvugu, wakaacha kuongea.

"Célestin, umwambie mama yangu maji ni moto sana."

"Célestin, umwambie bibi yako Odette nilimuogesha yeye na maji moto kuliko hii, na hakuiva."

Kutoka chumba kimoja kwenda kingine, asubuhi mpaka jioni, mimi nabeba. Siongezi, sipunguzi, napepesa macho. Kazi ninaijua, niliiona ikifanywa vizuri.

Jana walipatana, kazi yangu ikaisha. Leo nimetoka karakana, nimewasikia jikoni wanacheka wawili, na sufuria kubwa iko juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, maji yanachemka, hakuna aliyeniambia wanapika nini. Sijaingia. Nimekaa hapa nje chini ya dirisha, nawaandikia haya. Vile vyuma nilivyokata, sijavirudisha bado.